Habari za Sungusungu katika Usukuma na Unyamwezi

Kila mtu aliyekulia shamba amjua sungusungu, yule chungu mweusi atembeaye kwa majeshi. Akiwa peke yake hana neno, mtoto aweza kumponda kwa kidole. Lakini wakiwa wengi hata mtu mzima huwapisha njia. Ndilo jina walilopewa watu wa vijijini katika Usukuma na Unyamwezi, walipoondoka wote pamoja na pinde zao ili kuwafukuza wevi wa ng'ombe. Wao wenyewe mahali pengi walipenda kuitwa Wasalama, yaani watu wanaotaka salama.

Habari hizi si za kale sana, na wazee wengi walioziona kwa macho wangali hai. Walakini nimeona kwamba vijana tunaowafundisha hawazijui sawasawa. Wengine hudhani sungusungu ni amri tu ya serikali ya kukesha zamu usiku. Wengine hudhani ni kundi la watu wakali wapigao watu barabarani. Yote mawili yana ukweli kidogo, wala hapana lililo kweli lote. Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, yafaa tuifuate habari hii tangu chanzo chake, maana ndani yake mna swali ambalo kila kijiji chapaswa kulijibu, nalo ni hili: kumlinda jirani ni kazi ya nani, na kumhukumu ni kazi ya nani?

Zamani za watemi, ulinzi wa nchi haukuwa kazi ya watu wachache wenye mshahara. Mtu aliyeibiwa au kuvamiwa alipiga yowe, nao majirani waliosikia hawakuwa na hiari. Wanyamwezi na Wasukuma huuita mwito huo mwano. Mtu mwenye nguvu aliyesikia mwano akabaki kitandani, alihesabiwa kuwa mshirika wa mwivi, au kwa uchache mtu asiyestahili kusaidiwa siku yake itakapofika. Vijana nao walikuwa na vyama vyao vya kulima pamoja, chini ya wakuu ambao Wasukuma huwaita basumba batale. Na vijana waliozoea kuitana kwa jembe hawakuona vigumu kuitana kwa uta. Walipokuja Waingereza hawakuwaondoa watemi, bali kwa sheria ya mwaka 1926 waliwafanya kuwa mkono wa serikali, wakawaachia mabaraza yao na matarishi wao.

Tusidhani kwamba desturi ya yowe ni ya Waafrika tu. Waingereza wenyewe, ambao walituletea polisi wenye mavazi ya namna moja, waliishi mamia ya miaka bila polisi. Mwaka 1285 mfalme wao Edward wa Kwanza alitoa sheria katika mji wa Winchester, akaagiza malango ya miji yafungwe tangu jua kuchwa hata kucha, zamu ziwekwe usiku, vichaka vikatwe futi 200 kila upande wa barabara kuu ili wanyang'anyi wasipate pa kujificha, kila mwanamume awe na silaha kwa kadiri ya mali yake, na yowe likipigwa watu walifuate kutoka kijiji hata kijiji. Tena nchi isiyomtoa mwivi ilipe yenyewe mali iliyopotea. Polisi wa London, wa namna tuijuayo, waliwekwa na Robert Peel mwaka 1829 tu. Msukuma wa zamani na Mwingereza wa zamani wangaliweza kufahamiana upesi katika jambo hili.

Sasa turudi kwetu. Baada ya uhuru, mwaka 1963, utemi ulifutwa. Sina nia ya kuwalilia watemi, kwani walikuwako waliodhulumu watu, wakala mali zao. Lakini kilichofutwa hakikuwa kiti cha mtemi peke yake. Baraza lililokuwa karibu, na mtu aliyejulikana wa kupelekewa shauri, vilikwenda pamoja nacho. Hata mwaka 1972 halmashauri za wilaya nazo zikavunjwa, na kazi zao zikashikwa na maofisa waliotumwa kutoka juu. Kisha, baina ya mwaka 1973 na 1976, watu waliokuwa wakikaa mbalimbali, kila mtu katikati ya mashamba yake, wakahamishwa kwa amri kwenda kukaa vijijini. Nyumba zikapangwa kwa mistari. Mtu akajikuta ana jirani asiyemjua baba yake wala babu yake, na ng'ombe wake wakalala karibu na njia ipitayo kila mtu. Katika mahame, yaani mahali palipoachwa, pori likaota, na pori ni rafiki wa mwivi.

Pana jambo jingine lililotokea zamani hizo, nalo ni zito. Katika nchi ya Mwanza na Shinyanga palikuwa na mauaji mengi, hasa ya watu waliosingiziwa uchawi. Mwaka 1976 serikali iliwatuma polisi na watu wa usalama ili kuyakomesha. Watu wengi wakakamatwa. Lakini hao waliotumwa waliwatesa mahabusu ili waungame, na wengine wakafa mikononi mwao. Habari zilipojulikana, wakuu waliokuwa na dhamana walijiuzulu mnamo Januari 1977, na mmojawao alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Bwana Ali Hassan Mwinyi, ingawa hakutesa mtu kwa mkono wake. Ni yeye aliyekuja kuwa Rais wa nchi mwaka 1985. Heshima aliyoipata kwa kuwajibika yasimuliwa sana, nayo yastahili; lakini mimi huona kwamba katika kuisimulia twasahau upande wa wanavijiji. Wao waliona kwamba serikali ikikaa mbali mwivi hutawala, na ikija kwa nguvu pasipo kuwasikiliza, asiye na kosa aweza kufa pamoja na mwenye kosa.

Haukupita muda, vita ikaja. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwezi wa Oktoba 1978, na majeshi yetu yakawafukuza mpaka Kampala, ulioshikwa tarehe 11 Aprili 1979. Vita ilikwisha, lakini bunduki zake hazikurudi zote ghalani. Wakati uo huo nchi ikaingia katika dhiki kubwa: nguo, sabuni, sukari na mafuta ya taa vikawa adimu, na fedha ikapungua thamani. Mtu mwenye ng'ombe alikuwa na kitu ambacho hakipungui thamani, na mwivi alilijua hilo kama mwenyewe alivyolijua. Ng'ombe kwa Msukuma ni maziwa ya mtoto, ni jembe la kukokotwa, ni mahari ya kijana, ni akiba ya siku ya njaa. Aliyeamka akakuta boma lake tupu hakuibiwa mali tu, bali miaka yake iliyopita na ile ijayo.

Hebu tufikiri hali ya mtu huyo. Kituo cha polisi kiko mbali, naye huenda kwa miguu. Akifika huambiwa hapana gari, au gari lipo lakini halina mafuta. Akiwa na bahati, askari wanakuja siku ya tatu, na nyayo zimekwisha kufutika. Akimjua mwivi na kumkamata mwenyewe, sharti ampeleke, apeleke na mashahidi, na mashahidi wale chakula chao njiani. Hakimu huuliza ushahidi wa macho, na mwivi wa usiku huonwa na nani? Shauri huahirishwa mara mbili, mara tatu, mashahidi huchoka, mwivi huachiliwa. Jioni ile ile hupita mbele ya nyumba ya mshitaki wake akipiga mluzi. Tukiongeza kwamba wako walioamini kuwa mwivi amegawana na askari au karani, na pengine ilikuwa kweli, twafahamu jinsi imani ya watu ilivyokwisha kabisa. Sisemi kwamba hakimu alikosa kutaka ushahidi. La, ndiyo kazi yake, na pasipo ushahidi hata mimi nawe twaweza kufungwa. Nasema tu kwamba mahakama na kijiji walikuwa hawaonani.

Ndipo mwaka 1981 na 1982, upande wa Kahama, katika nchi ya mpakani mwa Wasukuma na Wanyamwezi, watu walianza kukutana. Kila kijiji kiliweka wakuu wake. Mkuu wao walimwita mtemi, na hapo ndipo tunapoona kwamba neno lililofutwa kwa sheria halikufutika mioyoni. Chini yake aliwekwa mtwale, yaani msaidizi wake, na kamanda wa vijana, na katibu. Tutazame majina hayo: mtemi na mtwale yatoka enzi ya mababu, kamanda na katibu yatoka jeshini na katika chama cha siasa. Hawakuwa watu wanaorudi nyuma tu, wala hawakuwa watu waliosahau walikotoka. Walichukua cha zamani na cha sasa, wakashona vazi moja.

Kila mwanamume mwenye nguvu alitakiwa kuingia, awe na uta na mishale na filimbi. Wanawake nao waliingia. Mwano ulipopigwa katika kijiji kimoja, filimbi ziliitikia katika cha pili na cha tatu, na mbele ya mwivi palikuwa na watu kama nyuma yake. Hapo ndipo palipokuwa nguvu zao. Mwivi wa ng'ombe hawezi kuficha kundi mfukoni. Sharti apite njia, avuke mito, apate mahali pa kuwalaza na mtu wa kuwanunua. Zamani kila kijiji kilipoona ng'ombe wageni kilinyamaza, maana si shauri lake. Sasa kila kijiji kikawa na macho, na nyayo ziliweza kufuatwa siku nyingi, kijiji kimoja kikizikabidhi kwa kingine.

Aliyeshitakiwa aliletwa mbele ya wenziwe. Mikutano mingine ilikuwa ya watu wote, na mingine ilikuwa ya siri porini. Akikiri, alirudisha mali na kulipa faini. Akikataa amri yao, adhabu iliyoogopwa kuliko viboko ilikuwa kutengwa: hapana wa kumsalimu, hapana wa kumpa moto, hapana wa kuteka maji pamoja na mkewe, hapana wa kumsaidia kulima wala kuzika. Mtu wa mjini aweza kucheka adhabu kama hiyo, kwa kuwa wako watu wa mjini waishio hivyo kila siku bila kuhukumiwa! Lakini shamba hapana awezaye kuishi peke yake, wala tajiri. Na kwa muda mfupi sana, kadiri wazee wasemavyo, watu waliweza tena kulala usingizi. Jambo hili likaenea mbio katika mikoa ya Shinyanga, Tabora na Mwanza, na Wasukuma waliohama kutafuta malisho walilichukua kila walikokwenda.

Serikali haikuwa na neno moja juu yao. Polisi na mahakimu waliwaona kuwa watu waliojitwalia kazi isiyo yao, na Sungusungu wengine wakashitakiwa kwa kupiga, kutoza mali, na hata kuua. Wakuu wa chama na wa utawala kwa sehemu kubwa waliwapenda, na Rais Nyerere mwenyewe aliwaunga mkono, kwa sababu aliona hapa watu wakijitegemea kama alivyokuwa akiwafundisha. Pande zote mbili walikuwa na haki ya kusema walivyosema. Mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake hakutaka kusikia habari za sheria. Na mtu aliyevunjwa mkono kwa kosa asilolifanya, alikuwa na wapi pa kulia?

Nami siwezi kulipita jambo lililo baya kuliko yote katika habari hii. Sungusungu wa mwanzo hawakuwa na adui mmoja, walikuwa na wawili, mwivi na mchawi. Wanaume wale walioapishwa na kupewa dawa za kuwakinga na risasi walifundishwa pia kumtafuta aliyeroga. Na mchawi alionekana kuwa nani? Mara nyingi alikuwa mwanamke mzee, mara nyingi mjane, mwenye macho mekundu. Msomaji ajua vema macho ya bibi hugeuka mekundu kwa sababu gani: ni moshi wa samadi ya ng'ombe na wa kuni mbichi, aliopikia wanawe miaka hamsini. Wanawake kama hao waliuawa, wengine wakafukuzwa katika vijiji walivyovijenga. Huyu naye alikuwa jirani. Yowe lake halikuwa na wa kuliitika, maana waliopaswa kuliitika ndio waliokuwa mlangoni.

Wako wasemao kwamba mambo hayo mawili yalitoka katika chungu kimoja, na kwamba ukitaka ulinzi wa wanakijiji huna budi kuyapokea yote. Mimi sikubali. Ukimtafuta mwivi, ziko nyayo, yuko ng'ombe mwenye alama, yuko mnunuzi. Kosa laweza kuonyeshwa kwa kidole mbele ya watu wote, na aliyesingiziwa aweza kujibu. Lakini mashitaka ya uchawi hayana nyayo. Yana mganga na ndoto, na mara nyingi yana shamba ambalo mtu fulani analitamani. Siri ndiyo iliyowaponza Sungusungu, si uta. Palipokuwa na mkutano wa wote, na daftari la katibu, na mzee aliyeruhusiwa kusema "hapana", watu walirudishiwa mali na damu ikawa haba. Palipokuwa na mkutano wa porini, fitina ilipata mahali pa kukaa.

Basi serikali ikafanyaje? Haikuwafuta, wala haikuwaacha kama walivyokuwa. Polepole iliwafunga nira pamoja nayo. Halmashauri za wilaya zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, zikaanza kazi mwaka 1984. Katika sheria hiyo mkutano wa kijiji ni wa watu wazima wote, na halmashauri ya kijiji ina wajumbe kuanzia 15 hata 25. Halmashauri hiyo yaweza kutunga sheria ndogo, mathalan juu ya zamu za usiku, vilabu vya pombe, mifugo iingiayo mashambani, au wageni wanaolala kijijini, kisha sheria hiyo hupelekwa wilayani ili ithibitishwe. Wengi huona safari hiyo ya wilayani kuwa usumbufu. Mimi naona faida yake, maana sheria ndogo iliyotungwa kwa hasira ya usiku mmoja husomwa na watu ambao usiku ule hawakuwapo. Mwaka 1985 yakaanzishwa mabaraza ya kata, ili mashauri madogo ya majirani yapatanishwe karibu na nyumbani, bila kungoja hakimu.

Kisha mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa, na humo Sungusungu na Wasalama wakatajwa kwa majina yao. Walipewa uwezo wa kumkamata mtu kama alivyo nao askari polisi wa cheo cha chini. Uwezo wa kumhukumu hawakupewa. Tuangalie pia kwamba haki za binadamu zilikuwa zimekwisha kuandikwa katika Katiba mwaka 1984, na tangu 1988 mtu aliweza kuzidai mahakamani. Hivyo kwa muda wa miaka michache mambo mawili yaliwekwa bega kwa bega: kijiji kikapewa mkono wa kumshika mwivi, na mwivi akapewa mdomo wa kujitetea. Sidhani kama wote waliotunga sheria hizo walikusudia zikutane, lakini zilikutana, na katika kukutana kwake ndimo tunamoishi sasa.

Mijini jambo hili lilichukua sura nyingine. Bwana Augustino Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani tangu 1990, alilisukuma sana hata Dar es Salaam. Lakini mtaa wa mji si kijiji. Majirani huhama, mtu hajui jina la mpangaji wa chumba cha pili, na aliye na fedha hupenda kulipa kuliko kukesha. Mara zamu ikawa ada, ada ikawa ugomvi wa stakabadhi, na mlinzi akawa kijana asiye na kazi aliyelipwa kidogo. Tangu mwaka 2006 polisi walianza kuhimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi, ili askari na wananchi wa mtaa wafanye kazi pamoja, na habari za wahalifu zipelekwe mapema. Ni jambo jema, ila mwenye kutaka kulifahamu yafaa ajue kwamba Kahama walilianza zaidi ya miaka 20 kabla yake, bila semina.

Kaskazini, katika nchi ya Wakuria wa Tarime, bunduki za vita ya 1979 ziliugeuza wizi wa ng'ombe kuwa kama vita yenyewe. Huko Sungusungu haikuchipuka peke yake, bali wakuu wa serikali waliihimiza, katikati ya miaka ya 1990, nayo ikakaa juu ya iritongo, baraza la kale la Wakuria ambalo kila mwanamume hukaa na kusikiliza. Wakuria wamekatwa na mpaka. Wengine wao wako Kenya, na mwivi alikuwa akiufurahia mpaka huo kuliko mtu awaye yote, kwa kuwa askari huishia hapo na ng'ombe hawaishii hapo. Upande mmoja ulipokazwa, wevi walihamia upande wa pili. Mwaka 1998 Wakuria wa Kenya nao wakaweka Sungusungu yao, wakiifuata ile ya ndugu zao wa Tanzania, na maofisa wa serikali yao wakairuhusu. Tangu hapo ng'ombe walioibwa Tarime waliweza kudaiwa ng'ambo kwa kupeleka habari kutoka baraza hata baraza, nao wazee wa pande zote mbili walikaa chini pamoja kuhesabu nani amrudishie nani.